Ratiba ya Worldcon: nani alaumiwe?

Julai 2018, majuma machache kabla ya Worldcon ya San José, Marekani, kongamano la kila mwaka la wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, waandaaji walitoa rasimu ya ratiba na zogo likalipuka. Baadhi ya waandishi waliokuwa wakiwania tuzo za Hugo, zinazotolewa kwenye kongamano hilo hilo, walikuta hawakupangiwa mjadala hata mmoja. Wengine waliona wasifu uliochapishwa si ule waliotuma. Walipoambiwa kwamba majina mapya yanajulikana kwa wapiga kura wa tuzo lakini si kwa wahudhuriaji, mambo yakazidi kuharibika. Waalikwa wakaanza kujitoa, mwenyekiti akaomba radhi, ratiba ikashushwa, na mwandishi Mary Robinette Kowal akaitwa na timu yake kuipanga upya.

Walalamikaji walikuwa na haki. Worldcon haimlipi mzungumzaji. Ukiacha wageni wa heshima, kila mtu hununua uanachama wake, ambao ndio tiketi ya kuingia, na nauli na hoteli ni juu yake. Mtu wa namna hiyo asibadilishiwe maelezo yake mwenyewe. Lakini hitimisho ambalo wengi hulifikia, kwamba waandaaji ni genge linalolindana, linaonyesha kwamba hawajawahi kupanga ratiba.

Tuchukue kumbi 15, vipindi 6 kwa siku, siku 5: hizo ni nafasi 450. Kila mjadala ukiwa na watu 4, kuna viti 1,800 vya kujaza, na kila anayekaa ana masharti yake. Mmoja hawezi asubuhi, mwingine hakai meza moja na fulani, wa tatu ana kipindi cha kusaini vitabu. Sasa mjadala wa Jumamosi saa nane mchana una mtu ambaye ndege yake inaondoka saa kumi. Ukiuhamishia Ijumaa, mwendeshaji wake ana kipindi kingine saa ile ile. Ukimpata mwendeshaji mwingine, ukumbi uliobaki wazi una jukwaa lisilo na njia ya kiti cha magurudumu. Ukumbi wenye njia hiyo unachukua watu 80, na mada inavuta 200. Programu ya kupangia, kwa mfano Planorama, itawasha alama ya mgongano. Nani aumie, hilo haisemi. Na hata gridi ikikaa sawa, makisio ya umati yanaweza kukuumbua: Worldcon ya Helsinki mwaka 2017, siku ya kwanza kumbi zilifurika, watu wakabaki nje milangoni, na kamati ikalazimika kutafuta vyumba zaidi mkutano ukiendelea.

Kazi hii yote hufanywa usiku, baada ya kazi ya mshahara, na watu ambao nao wamenunua uanachama. Hakuna ofisi ya kudumu. Kila mwaka mji mwingine, kamati nyingine, na mengi waliyojifunza wa mwaka jana hupotea njiani. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ataijua siasa yake: anayebeba mzigo ndiye anayeamua, huwezi kumfukuza kwa sababu humlipi, na silaha yake pekee ni kujiuzulu.

Ndiyo maana sakata la Worldcon ya Seattle mwaka 2025 linastahili kutazamwa upya. Walioomba kuzungumza walizidi 1,300, na kila jina lilipaswa kuchunguzwa, asije akapewa jukwaa mtu mwenye rekodi ya kunyanyasa wenzake. Kamati ilitumia ChatGPT, programu ya akili mnemba, kwa upekuzi wa awali. Waandishi wanaoamini kwamba kazi zao ziliibwa kuifundishia mashine hiyo waliona wametemewa mate usoni, na wasimamizi wa tuzo za Hugo wakajiuzulu. Kamati ilijitetea kwamba ilikuwa imeokoa mamia ya saa, wengi wakacheka. Piga hesabu: dakika 20 kwa jina, mara 1,300, ni saa 433. Watu kumi, saa mbili kila usiku, wangemaliza siku ya 22, na hapo hakuna hata kipindi kimoja kilichopangwa. Utetezi ule haukuwa wa kuchekwa. Kosa lilikuwa kuchukua njia ya mkato bila kuwauliza wenye majina.

Ila hesabu hiyo hiyo inaikaba kamati pia. Baada ya kelele, kamati ilitangaza kwamba uchunguzi utarudiwa bila mashine, na watakaoufanya ni watu wapya wanaojitolea kutoka nje ya timu. Kumbe mikono ilikuwepo. Haikuombwa, kwa sababu kuomba mikono ni kugawa funguo pia, na huo ndio ugonjwa wa kamati nyingi za kujitolea kuliko uvivu au upendeleo.

Kowal mwenyewe alizipokea funguo hizo mwaka 2021, akawa mwenyekiti wa Worldcon ya Washington baada ya waliomtangulia kujiuzulu. Hoteli iliyopangwa ilikuwa imefungwa, na kongamano likasogezwa kutoka Agosti hadi Desemba. Lilipokwisha, ilikuwa zamu yake kuandika barua ya kuomba radhi, safari hii kwa kupokea udhamini wa Raytheon, kampuni ya silaha.