Priampu Kwanza, Pedali Baadaye: Kwa Wapiga Gitaa Kavu wa Arusha

Mpiga gitaa kavu, yaani gitaa la boksi la mbao, wa hapa Arusha akipata laki kadhaa za kuboresha sauti yake, mara nyingi hukimbilia pedali ya mwangwi au ya korasi, inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi. Nasema kwa uzito wote kwamba fedha hiyo ingepaswa kwenda kwanza kwenye priampu, yaani kifaa kinachopokea sauti dhaifu ya gitaa na kuiimarisha kabla haijafika kwenye mitambo, hata kama pedali itasubiri mwaka mzima.

Sababu iko kwenye pikapu yenyewe, kifaa kinachogeuza mtetemo wa gitaa kuwa umeme. Magitaa mengi makavu hutumia pikapu ya pieso, yaani kipande chembamba kinacholazwa chini ya mfupa unaobeba nyuzi, ambacho huzalisha umeme mdogo kila kinapobanwa na mtetemo. Ingizo la laini la mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, huwa na ukinzani wa takriban ohm 10,000, ilhali pieso isiyo na betri inahitaji angalau ohm milioni 1. Kwa pikapu yenye kapasitansi (uwezo wa kutunza chaji) ya nanofaradi 1, ohm milioni 1 huacha besi ianze kupungua kwenye takriban Hz 160, nao uzi wa sita ukipigwa wazi uko Hz 82. Ohm milioni 10 hushusha mpaka huo hadi takriban Hz 16, chini ya kiwango ambacho sikio husikia. Ukichomeka pikapu hiyo moja kwa moja kwenye mikisa, hubaki mlio mkavu wa juu tu, na hakuna pedali ya mwangwi itakayourudisha mwili wa sauti uliokwisha kupotea.

Kama gitaa lako lina priampu yake ubavuni, ile yenye betri ya volti 9, tatizo hilo limeshatatuliwa kwa sehemu kubwa, na unachohitaji nje ni udhibiti. Hapo angalia majina kwa makini, kwa maana yanafanana. Boss AC-3 imetengenezwa ili gitaa la umeme lisikike kama gitaa kavu, hivyo mwenye gitaa kavu haimhusu. Boss AD-2 ndiyo priampu ya gitaa kavu. LR Baggs Para Acoustic DI, ambayo naipenda kuliko zote nilizozisikia, ina ingizo la ohm milioni 10, kichujio cha nochi kinachokata masafa membamba ya sauti, swichi ya kugeuza fezi, yaani kupindua mwelekeo wa wimbi la sauti, na njia ya kuunganishia pedali nyingine.

Nochi na fezi ndivyo vitu ambavyo ningevilipia kabla ya pambo lolote. Kanisani, na kwenye kumbi za harusi za Njiro, spika huwekwa karibu na waimbaji na sauti hupandishwa hadi mwisho, kwa hiyo hewa iliyo ndani ya boksi la gitaa, ambayo hupenda kutetemeka karibu na Hz 100, huanza kuvuma yenyewe. Namna ya kuituliza ni hii: simama pale utakapopigia, mwombe fundi mitambo apandishe sauti taratibu bila wewe kugusa nyuzi, na uweke kiganja juu ya ubao wa mbele. Kiganja kitahisi mtetemo kabla sikio halijasikia mvumo. Bonyeza kwanza swichi ya fezi, kwa kuwa mara nyingine hiyo peke yake inatosha. Mvumo ukiendelea, zungusha nochi polepole ukianzia karibu na noti ya G ya uzi wa sita kwenye freti ya tatu, ambayo ni Hz 98, mpaka ubao utulie. Usipitilize kina chake, maana noti hiyo itasikika kama shimo katikati ya wimbo. Kifuniko cha mpira cha tundu la gitaa nacho husaidia sana, na bei yake ni ndogo.

Jambo jingine ni umbali. Mikisa ikiwa nyuma ya ukumbi, waya wa kawaida wa gitaa unaovutwa mita 20 utaokota mvumo wa umeme na kupoteza ung'avu. Priampu yenye tundu la kutolea sauti la XLR, lile la pini tatu kama la maikrofoni, huliondoa tatizo hilo, na ile inayoweza kutumia volti 48 kutoka kwenye mikisa inakuepusha na adapta.

Kuhusu efekti zenyewe, maoni yangu ni makali kidogo. Mtindo wa kidole gumba na cha shahada, ambao rekodi za Katanga, nchini Kongo, za miaka ya 1950 ziliusambaza Afrika Mashariki, unaishi kwa tofauti kati ya besi ya gumba na sauti inayojibu juu yake; kompresa, inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, ikizidi huzilinganisha sauti hizo mbili, na korasi huzivuruga. Kwa hiyo ningenunua mwangwi peke yake, nikauunganisha baada ya priampu, nikakagua pia volti, miliampea na mwelekeo wa chanya na hasi kabla ya kuchomeka adapta yoyote ya mtaani. Kiasi cha mwangwi kiamuliwe na mahali: kwenye bustani ya hoteli ongeza kidogo, kwa sababu sauti hutawanyika bila ukuta wa kuirudisha, kwenye ukumbi wenye sakafu ya vigae uzime kabisa, kwa kuwa ukumbi wenyewe tayari una mwangwi wa kutosha.