Mama wa Rakhigarhi kabebeshwa mzigo usio wake

Kama huwa unapita kwenye mabishano ya Wahindi mtandaoni utakuwa umeshaona, kuna mada mbili ukizigusa tu moto unawaka, ya kwanza kriketi na ya pili hii ya Waarya, wale watu wa kale wenye lugha ya Kisanskriti, walitoka wapi. Na hii ya pili ndo mbaya zaidi maana kriketi hata ile ya siku tano kuna muda inaisha. Huyu anasema Waarya waliingia India kutokea kaskazini magharibi wakaja na Kisanskriti na Veda zao (maandiko matakatifu ya Kihindu), yule anasema huo ni uongo wa Mwingereza, Waarya hawajatoka popote, wamezaliwa palepale, ndo waliojenga Harappa (ile miji ya kale ya Bonde la Indus, India na Pakistan za leo) na tena ndo waliotoka kwenda kuwastaarabisha Wazungu. Na kila mmoja ana video ya Yutubu ya masaa matatu ya kukuthibitishia.

Mimi msimamo wangu nausema mapema ili mtu asinisome kwa wasiwasi: watu walihamia, ushahidi upo na umeshiba. Ila hawa wanaoutumia kuamua nani mwenye nchi na nani mgeni, wa pande zote mbili, wanaidai mifupa maneno ambayo haijasema.

Tuanze na huyo mama. Rakhigarhi ni kijiji cha Haryana, kaskazini magharibi mwa Delhi, watu wanaishi, wanafuga nyati, wanakausha mavi ya ng'ombe ya kupikia, na chini ya miguu yao kuna mji mkubwa wa enzi za Harappa. Timu ya Vasant Shinde wa Deccan College ya Pune ilichimba makaburi pale. Sasa shida ya India ni joto, DNA ya zamani inaoza vibaya sana, sio kama Siberia ambako baridi inakuhifadhia kila kitu. Walipima sampuli 61 za mifupa, iliyotoa DNA ya kueleweka ni moja tu. Moja jamani. Mwanamke aliyezikwa na vyungu vyake miaka kama 4,500 iliyopita, na hata yeye ilibidi wamchote tena na tena ndo wapate cha kusoma.

Huyo mama alikuwa mchanganyiko wa nasaba mbili, moja ya kale sana inayohusiana na watu wa upande wa Iran (lakini waliachana na wakulima wa Iran zaidi ya miaka 12,000 nyuma, yaani kabla hata kilimo hakijaanza), na ya pili ya wawindaji wa zamani wa Asia Kusini. Nasaba ya wafugaji wa nyika za huko Urusi, Ukraine na Kazakhstan, ambayo leo Wahindi wengi wanayo, yeye hakuwa nayo hata chembe.

Utafiti ukatoka Septemba 2019 kwenye jarida la Cell, na Shinde na wenzake wakaita waandishi wa habari. Wakaambiwa nadharia ya Waarya kuvamia au kuhamia India ndo basi tena, imezikwa. Vichwa vya habari vikaruka nchi nzima, wazalendo wakashangilia.

Sasa hebu fikiria kidogo. Wanaosema watu wa nyika walihamia hawajawahi kusema waliingia miaka 4,500 iliyopita, wanasema waliingia baadaye, miji ikiwa imeshakufa au inakufa. Kwa hiyo kumkosa mtu wa nyika kwenye kaburi la wakati ule ndo kitu hasa ulichotakiwa ukikute. Ukichimba kaburi Kilwa la mwaka 1300 usikute Mreno, utatoka nje kutangaza kwamba Wareno hawakuwahi kufika pwani? Na kilichonichekesha zaidi (au kunikera, sijui), wiki ileile ulitoka utafiti wa pili kwenye jarida la Science, wa watu wa kale 523, Shinde na mwenzake Niraj Rai majina yao yamo kama waandishi, na huo unasema wazi kwamba nasaba ya nyika iliingia Asia Kusini kati ya mwaka 2000 na 1500 KK. Yaani watu walewale, wiki ileile, kwenye karatasi wamesaini hili na mbele ya maiki wakasema lile. Mpaka leo mtu akikuletea ile habari anakuletea ya maiki.

Lakini na hawa wa "uvamizi" nao wasijione wameshinda, maana hadithi yao ina mashimo yake ya zamani.

Mwaka 1786 William Jones, jaji wa Kiingereza pale Calcutta, alisema Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana kiasi kwamba lazima vimetoka kwenye chanzo kimoja. Hapo alikuwa sahihi, na sisi wasemaji wa lugha za Kibantu hatupaswi kuona ajabu, lugha zinasafiri na ukizipanga unaona ukoo. Tatizo lilikuja baadaye karne ya 19 wakati Wazungu walipochukua ukoo wa lugha wakaugeuza kuwa rangi ya ngozi, kwamba kulikuwa na taifa la Waarya weupe walioshuka kuwastaarabisha weusi. Max Müller mwenyewe, msomi wa Kisanskriti ambaye alichangia sana kulisambaza hilo jina, mwaka 1888 alikuja kukemea kwamba Uarya ni suala la lugha, damu na mafuvu haihusiki. Wakati huo alikuwa amechelewa.

Na ujue wakati wote huo Harappa yenyewe ilikuwa haijulikani! Ilikuwepo, inaonekana, ni rundo la matofali ya kuchoma, na miaka ya 1850 wajenzi wa reli ya Lahore kwenda Multan waliyabeba wakayaponda wakayatandaza chini ya reli kwa kama maili mia moja. Alexander Cunningham, ambaye ndo baba wa akiolojia ya serikali kule, alifika, akauona mpaka muhuri mmoja wenye maandishi akauchapisha mwaka 1875, akaona ni wa kigeni tu akaendelea na safari zake. Mpaka Daya Ram Sahni anachimba Harappa mwaka 1921, R. D. Banerji anafuatia Mohenjo-daro, mji mwenzake, mwaka 1922, na John Marshall anaitangazia dunia mwaka 1924, ndo watu wakashtuka: kumbe India ilikuwa na miji yenye mitaro ya maji machafu, visima na matofali ya vipimo vya kufanana, miaka elfu na zaidi kabla ya Veda.

Basi ikabidi Waarya wapewe kazi mpya. Mwanzo walikuwa waleta ustaarabu, sasa wakawa wabomoaji. Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia ambaye pia alikuwa brigedia, aliona kuta nene za Harappa na mifupa iliyozagaa Mohenjo-daro akatoa hukumu kwamba Indra, mungu wa vita wa kwenye Veda, ndiye mshtakiwa. Ni kweli ilikuwa inasisimua, ila mwaka 1964 mwanaakiolojia George Dales alirudia kuupitia ushahidi akakuta mauaji hayo hayapo, mifupa ni ya vipindi tofauti, hamna mji uliochomwa, hamna silaha za mvamizi. Miji ilidhoofika kuanzia kama 1900 KK kwa sababu nyingi, mvua za monsuni kupungua, mito kubadilika, biashara na Mesopotamia kufifia. Kwa hiyo jeshi la wapanda farasi wanaoteketeza miji lisahau, hata wasomi wanaosema watu walihamia wameliacha miaka mingi. Unapoona mtu leo anasema "nimeibomoa nadharia ya uvamizi" ujue anapigana na marehemu.

Ila uvamizi kufa haina maana hawakuja watu. Veda zimejaa farasi na magari yenye magurudumu ya spoku, miji ya Harappa mifupa ya farasi ni ya kutafuta kwa tochi na yote ina ubishi. Shida ya farasi iliwauma watu mpaka mwaka 2000 wakajitokeza wawili kudai wamesoma maandishi ya Indus (yale ya kwenye mihuri ya Harappa, ambayo hakuna aliyeyasoma) na wamepata muhuri wenye farasi, kumbe ni muhuri uliovunjika, kipande cha nyuma cha yule mnyama wa pembe moja ambaye yuko kwenye mamia ya mihuri mingine, picha ikatengenezwa kompyuta hadi ikatoa farasi. Michael Witzel na Steve Farmer waliwaumbua mwaka huohuo.

Halafu kuna hili ambalo mi nalipenda kuliko yote. Kaskazini mwa Syria kulikuwa na ufalme wa Mitanni, na kwenye mkataba wao na Wahiti (wa Uturuki ya leo) karne ya 14 KK wanaapa kwa Mitra, Varuna na Indra, miungu ya kwenye Veda kabisa. Na kuna mkufunzi wao wa farasi anaitwa Kikkuli, ameacha mwongozo wa mazoezi kwenye vibao vya udongo, mizunguko anaihesabu aika, tera, panza, satta. Muulize msemaji wa Kihindi akuhesabie moja, tatu, tano, saba uone. Wa "tulitokea India" wanasema hao ni Wahindi waliohama kwenda magharibi. Sawa, ila wahamaji wanaotoka India kujaza lugha mpaka Ulaya wangeacha DNA ya yule mama wa Rakhigarhi na wenzake njiani hadi Ulaya, na makaburi ya Ulaya ya zama zile yamepimwa mengi mno, haimo.

Kinachonisikitisha ni namna kila kundi linavyochagua Muarya wa kulifaa. Jyotirao Phule mwaka 1873, akipigania watu wa tabaka la chini, alisema Mabrahmani, tabaka la juu la makuhani, ni wageni wavamizi, ikawa silaha dhidi ya unyanyasaji. Ambedkar, mpiganaji wa vita hiyohiyo, mwaka 1946 akaikataa kabisa nadharia ya taifa la Waarya. Tilak, mzalendo mkubwa na Mbrahmani, mwaka 1903 aliandika kwamba Waarya walitokea Aktiki, na Golwalkar wa RSS (shirika la wazalendo wa Kihindu) alipotaka kumpatanisha na uzalendo akasema basi Ncha ya Kaskazini zamani ilikuwa upande wa Bihar na Orissa. Sitanii. Kule Tamil Nadu nako ni vilevile kwa upande wao, mwaka 2025 M. K. Stalin, wakati huo waziri mkuu wa jimbo, alitangaza dola milioni moja kwa atakayesoma maandishi ya Indus, na kila mtu anajua wanaomba yatoke Kidravida, ukoo wa lugha za kusini mwa India kama Kitamil. Na inawezekana kabisa, mimi mwenyewe nikilazimishwa kubeti nabeti huko, Kibrahui cha Balochistan ni Kidravida na kipo palepale jirani. Ila maandishi yenyewe ni alama kama tano kwa muhuri, hamna kibao cha lugha mbili, utasoma nini?

Na sisi wa pwani tusicheke kwa mbali. Mwaka 2023 ulipotoka ule utafiti wa makaburi ya Waswahili 80 wa kale, ambao David Reich wa Harvard aliyehusika na ya India naye yumo, ukasema kuanzia kama mwaka 1000 wanaume wa Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika, watu waligawana matokeo kama nyama ya shughuli. Huyu kachukua baba, "si niliwaambia Washirazi kweli", yule kachukua mama, "si niliwaambia sisi Waafrika". Utafiti mmoja. Na India nako nasaba ya nyika imeingia zaidi kupitia wanaume, jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka, maana wazalendo hawataki mgeni na wapole hawataki kuuliza hao wanaume waliwapataje wake.

Mimi nikionyeshwa mtu wa Bonde la Indus wa mwaka 2500 KK mwenye nasaba ya nyika, au muhuri uliosomwa vizuri ukatoa Kisanskriti, nafuta yote niliyoandika hapa. Nimeshawauliza mara nyingi wa upande wa pili, nyie mkionyeshwa nini mtabadilika? Hapo ndo huwa naitwa kibaraka wa Mwingereza.