Nani Kachinja, Nani Yuko Ziwani: Sikukuu za Mwanza na Anayezilipia

Kamati ya harusi ikikaa Mwanza, iwe Kirumba au Igoma, ikifika kwenye ajenda ya chakula kuna swali ambalo haliulizwi tena kwa sababu jibu lake linajulikana: nani atachinja? Atachinja Mwislamu. Bwana harusi anaweza kuwa Mkatoliki, bibi harusi wa kanisa la AIC, na Waislamu walioalikwa wakawa familia tatu tu. Bado mtu atatumwa mtaa wa pili akamwite mzee mwenye kisu chake.

Desturi hii husifiwa sana, na sifa zake nyingi ni za haki. Ila sifa zina tabia ya kuficha risiti. Kila mpango wa kusherehekea pamoja una anayeulipia, kwa pesa, kwa usingizi au kwa dhamiri, na ujirani hutibuka pale mlipaji anapoambiwa kwamba hakuna kilicholipwa.

Tuanze na hesabu inayoitetea sufuria moja, yaani wote kupikiwa nyama aliyoichinja Mwislamu. Mkristo wa kawaida hana katazo la kula alichochinja Mwislamu. Mwislamu wa kawaida wa Mwanza hatakula alichochinja Mkristo, au atakula akiwa na wasiwasi. Basi sharti la mgumu zaidi linatumika kwa wote, na wote wanakula. Kuna pia mkaa na mfuko. Watu 100 wanahitaji kama kilo 12 za mchele na kilo 20 hadi 25 za nyama yenye mifupa. Ukizigawa sufuria mbili hupati nusu kwa nusu, maana hujui kwa hakika nani ataenda kwenye ipi. Utaongeza huku kidogo na kule kidogo, utaweka wapishi wawili na moto wa pili, na jioni utakuta sufuria moja imekwisha mapema huku nyingine inapoa bila wa kuila.

Hoja ya upande wa pili tuliisikia kwa sauti kubwa mwaka 2012 na 2013, na kanda hii haijaisahau. Baadhi ya wachungaji walisema nyama inayochinjwa kwa kutaja jina la Mungu kwa taratibu za dini nyingine ni nyama ya ibada ya wengine, na kwamba kumlazimisha Mkristo aile ni kumwingiza kwenye ibada hiyo. Wakataka Wakristo nao wachinje, wawe na mabucha yao. Februari 2013 ugomvi huo ulimwaga damu Buseresere, Geita, eneo ambalo hadi 2012 lilikuwa ndani ya Mkoa wa Kagera. Mchungaji aliuawa. Msimamo wa serikali ulikuwa desturi iendelee kwa nyama ya kuuzwa kwa umma, na anayechinja kwa ajili ya nyumba yake abaki na hiari yake.

Ni rahisi kuwatupa wapingaji wale kwenye kapu la wakorofi. Lakini hoja yao ina miguu miwili, na mmoja ni imara. Mguu wa ajira ni wa kweli: uchinjaji wa machinjioni ni kazi yenye ujira, na desturi inaiachia dini moja tu. Mguu wa dhamiri ni mgumu zaidi kuupima. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, Paulo anawaruhusu waumini kula kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Halafu aya chache mbele anasema mtu akikuambia kimetolewa sadaka, kiache. Sura hiyohiyo hushikwa na Mkristo anayekula na Mkristo asiyekula, na kila mmoja ana aya ya kumwonyesha mwenzake. Waislamu nao wana la kwao. Aya ya 5 ya Suratul Maida inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, na wanazuoni wamejadiliana kwa karne nyingi kuhusu masharti yake. Mkristo aliyesoma kidogo huikimbilia aya hiyo: "Si mmeruhusiwa?" Hapo anakosea. Mwenyeji hana kazi ya kumtolea mgeni wake fatwa.

Kwa upimaji wetu, sufuria moja inashinda kwenye shughuli ya watu wengi, lakini kwa sharti moja. Mkristo anayeacha kisu chake anatoa kitu, na aambiwe hivyo. Anayeagizwa kutoa hatoi, anatozwa. Na yule wa kanisa lake anayekataa kabisa nyama hiyo asisimangwe mbele ya watu eti anabagua. Apewe maharage au samaki, kama anavyotunziwa asiyekula kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na mambo yaendelee. Ajabu ni kwamba mitaani wa vidonda vya tumbo huheshimiwa kuliko wa dhamiri.

Sasa jikoni, maana mipango mingi mizuri hufia huko. Ng'ombe au mbuzi hana shida: ni mmoja, mchinjaji anafika alfajiri, anaona mnyama yuko hai na mzima, kisu kikali kinakata koo, umio na mishipa ya damu, na mnyama anaachwa atulie kabla ya kuchunwa. Wengi humwelekeza kibla, ambacho kwa Mwanza ni karibu kaskazini tupu, kikipinda kidogo mashariki. Kinacholeta balaa ni kuku. Kamati inanunua kuku 40, mchinjaji anaitwa Ijumaa saa 5 badala ya asubuhi, anachinja 25, saa inakimbilia swala ya saa 7, anaondoka akisema atarudi. Maji ya kunyonyolea yanachemka. Kijana mmoja mwenye haraka anamalizia 15 waliobaki, na wote wanaingia beseni moja. Kuanzia hapo hakuna kuku anayejulikana, na kwa mtu mwenye wasiwasi shaka ya 15 ni shaka ya 40. Kosa la pili ni kutumbukiza kuku kwenye maji ya moto kabla hajatulia. Mchinjaji makini akiona hivyo atawakataa hata wale aliowachinja mwenyewe.

Dawa ni ratiba. Mchinjaji aambiwe siku moja kabla idadi kamili, apewe msaidizi wa kushika, na kazi ianze saa 12 asubuhi. Ujirani wowote hauna uwezo wa kurekebisha jambo hili saa 6 mchana.

Ikibidi sufuria mbili, mfano kuna kitimoto, nyama ya nguruwe, kwa upande mmoja wa ukoo, basi utengano uanzie kwenye kisu. Visu viwili, mbao mbili za kukatia, miiko miwili yenye alama ya uzi wa rangi kwenye mpini, na mabeseni mawili ya kuoshea vyombo. Hatari kubwa kuliko zote ni mafuta ya kukaangia. Mpishi akiona mafuta safi yamebaki kwenye karai hupata uchungu kuyamwaga, na ndiyo hayo yanayokaanga viazi vya "upande wa pili". Wakati wa kupakua, andikeni majina ya vyakula, msiandike majina ya watu. Kibao cha "Waislamu" kinamfanya mgeni mzima atembee mbele ya ukumbi akitangaza dini yake. "Mbuzi, kachinjwa na Mwislamu" kinatoa taarifa ileile, na kila mtu anachagua kimya kimya.

Watu wa ziwani hupenda kusema samaki humaliza ubishi. Humaliza mwingi. Samaki hahitaji kuchinjwa, Mkatoliki aliyefunga nyama Ijumaa Kuu anamla, na Msabato anamla sato na sangara bila swali. Anasita kwa kambare na gogogo, kwa sababu Mambo ya Walawi sura ya 11 inataka samaki awe na mapezi na magamba. Kwa hiyo kapu la samaki mchanganyiko kutoka soko la Mwaloni si jibu la moja kwa moja. Agiza minofu ya sangara, robo kilo kwa mtu, na mafuta mapya. Kikwazo kilichobaki hakimo kwenye kitabu chochote: wazee wengi wa Kisukuma hawataamini kwamba wamealikwa harusini kama hakuna ng'ombe.

Gharama isiyoonekana kabisa iko kwenye mitumbwi ya dagaa, na huko anayelipa zaidi ni Mwislamu.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Mwezi ukikaribia kujaa taa haivuti tena, kwa hiyo wavuvi hupumzika kama siku 10 za mbalamwezi, wanashona nyavu na kwenda nyumbani. Sasa weka kalenda za dini juu ya kalenda hii. Idi ya Kufuturu huja mwezi mwandamo, yaani giza tupu, kilele cha kazi. Pasaka ni Jumapili baada ya mwezi kujaa, na Ijumaa Kuu iko jirani yake, kwa hiyo sikukuu kubwa ya Wakristo huangukia karibu kila mara ndani ya mapumziko. Mwaka 2026 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 2 Aprili na Pasaka ikawa tarehe 5. Mvuvi Mkristo alisherehekea bila kukosa senti. Mwenzake Mwislamu, ili ale Idi na watoto, huacha usiku ambao wengine wanapakia.

Msabato naye hulipa kila wiki. Sabato inaingia Ijumaa jua linapozama, ambapo Mwanza ni kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 na dakika chache mwaka mzima. Dakika hiyohiyo, mwezi wa Ramadhani, jirani yake anashika tende. Kwenye usiku 20 hivi wa giza kuna Ijumaa mbili au tatu, na zote hazipo kwenye mgao wake, maana asiyetoka hagawiwi.

Kuna njia mbili zinazopendekezwa kwenye kambi za wavuvi. Ya kwanza, chombo kizima kilale kila sikukuu ya yeyote. Inapendeza masikioni, na kwa kambi yenye dini mbili inawezekana. Lakini mwenye chombo ana mkopo wa injini, na mvuvi anayelala kwa sikukuu isiyo yake akiwa na ada ya mtoto ya kulipa ataanza kuihesabu sikukuu ile kama deni. Ya pili ni kubadilishana: wewe nishikie zamu yangu Idi, mimi nitakushikia yako Krismasi. Hii ni bora, ila ipimwe kwa mwezi. Anayebadilisha Idi kwa Pasaka amepunjwa, kwa kuwa Pasaka hakuna wa kushikiwa. Hata Krismasi hubadilika thamani: mwaka 2026 mwezi unajaa tarehe 24 Desemba, basi kumshikia mtu usiku huo ni kumpa zawadi ya hewa. Mwaka 2027 Krismasi inaingia kwenye giza, na hapo mabadilishano yana uzito. Kambi inayotaka haki iache kuhesabu sikukuu. Ihesabu usiku wa giza: kila mvuvi awe na idadi sawa ya kukosa kwa mwaka bila lawama, azitumie kwa Idi, kwa Ijumaa au kwa msiba wa shangazi.

Kwa Msabato idadi hiyo haitatosha, na tusijifanye itatosha. Ijumaa zake ni nyingi mno. Wanaofanikiwa naye ni wale wanaomtafutia deiwaka (kibarua wa kushika nafasi ya aliyekosekana) wa kudumu wa Ijumaa, mtu mmoja anayejua chombo, badala ya kuokota yeyote mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, saa 11 jioni. Mgeni asiyejua kukaa na taa hupoteza dagaa wengi kuliko aliyekosekana.

Tatizo la mwisho kwenye ratiba ni tangazo la mwezi. Wapo wanaofuata mwezi ulioonekana nchini na kutangazwa na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na wapo wanaofuata ulioonekana popote duniani, hivyo mtumbwi mmoja unaweza kuwa na Idi mbili. Usiku mmoja hautoshi kupanga. Mwenye chombo atenge mbili mfululizo, amwambie deiwaka awe tayari kwa zote, na ile ambayo haikutumika irudi kwenye hesabu ya mvuvi. Malipo ya deiwaka yatoke kwenye fungu la aliyekosekana, wala yasikatwe kwenye gharama za chombo pamoja na mafuta na chakula. Yakikatwa huko wote wanalipa bila kujua, na mwisho wa giza, mgao ukiwa mdogo, mtu atauliza kwa nini.