Wakimbiaji wa Moshi tuache kuogopa vyakula vya wanga jamani

Kuna tabia imeingia kwenye vikundi vingi vya jogingi hapa Moshi na kiukweli inanisumbua. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakunywa maji ya moto na limao, wanga hajagusa tangu jana mchana kwa sababu kaambiwa ni sumu, halafu anataka kupandisha Mweka, kule kwenye miinuko ya Kilimanjaro, kwa spidi. Katikati ya mlima miguu inakataa, kichwa kinazunguka, na wenzake wanamwambia we huna pumzi, ongeza tizi. Pumzi anayo. Hajala tu.

Msuli hautumii ndizi wala ugali moja kwa moja, unatumia kitu kinaitwa ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na ile iliyopo tayari mwilini ni kidogo mno, ya sekunde chache basi. Kwa hiyo mwili muda wote uko bize kuitengeneza upya, mpaka kwa siku nzima mtu mzima anazungusha ATP inayokaribia uzito wake mwenyewe. Ukifyatuka ghafla kuwahi daladala inatumika fosfokreatini, akiba ya dharura iliyomo kwenye msuli ya kuunda ATP upya, hii ni ya haraka sana ila ndani ya sekunde kama 10 imeshashuka. Ukiendelea kukaza, mwili unavunja wanga bila kusubiri oksijeni, unapata nguvu kubwa ya dakika moja mbili hivi na laktiki, kitu kinachobaki wanga ukivunjwa hivyo, inapanda. Ukituliza mwendo ndo mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, zinabeba kazi, zinatumia oksijeni kuunguza wanga pamoja na mafuta, na molekuli moja ya glukosi, yaani sukari inayotokana na wanga, ambayo bila oksijeni ilikuwa inakupa ATP 2 hapa inatoa kama 30. Na sio kwamba njia moja inazimwa nyingine inawashwa, zote zinafanya kazi pamoja, kinachobadilika ni ipi inabeba mzigo mkubwa.

Hiyo laktiki nayo inasingiziwa sana. Mapaja yakiuma kesho yake baada ya kushuka Mweka sio laktiki, yenyewe inakuwa imeshaondoka ndani ya saa moja hivi tangu uache kukimbia, moyo unaitumia kama chakula na ini linaigeuza kuwa glukosi tena, mzunguko ambao Carl na Gerty Cori waliueleza tangu mwaka 1929. Yale maumivu ni michubuko midogo midogo kwenye nyuzi za msuli, na kushuka kunachubua kuliko kupanda.

Sasa hesabu yenyewe. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita moja anatumia kalori kama 70, kwa hiyo marathoni nzima ni karibu 2,950. Wanga uliohifadhiwa mwilini, yaani glaikojeni, kwa mtu aliyekula vizuri ni kama gramu 400 kwenye misuli na 100 kwenye ini, jumla kalori 2,000 hivi. Mafuta hata mtu mwembamba anayo ya kalori makumi elfu, ndo maana watu wanasema basi tukimbie na mafuta. Shida mafuta yanatoka polepole, na kwa nishati ile ile yanataka oksijeni zaidi. Ukijogi taratibu huku unapiga stori mafuta yanabeba sehemu kubwa, ila ukiongeza mwendo mpaka stori inakatika mwili unahamia kwenye wanga wenyewe, wala haukuulizi.

Hapo ndo Kilimanjaro Marathon inapowamaliza wengi wa kilomita 42. Nusu ya kwanza tambarare kiasi, watu wanaachia, halafu nusu ya pili unapandishwa Mweka, unafika juu ukiwa kwenye kilomita za 30 na kitu, pale pale ambapo glaikojeni ya mtu aliyeanza kwa pupa inaishia. Anakata moto na mlima anausingizia.

Muangalie Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, yule wa Singida anayefanyia mazoezi Arusha. Septemba 2025 kule Tokyo alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni kwa saa 2:09:48, akamuwahi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03! Yaani baada ya kilomita zote zile miguu bado ilikuwa na cha kufyatulia uwanjani. Kufyatuka vile kunataka fosfokreatini na wanga wa kuvunjwa chapchap, mafuta peke yake hayakupi ile spidi hata uwe nayo kilo ngapi.

Sisemi kukimbia bila kula ni dhambi. Kajogingi kepesi ka nusu saa mtaa wa Shanty Town asubuhi na mapema, tumbo tupu, hakuna neno. Na ni kweli muda ule unaunguza mafuta mengi zaidi, lakini kama jumla ya unachokula kwa siku ni ile ile, mwisho wa mwezi kilo hazitofautiani, mi sioni sababu ya mtu kujitesa.

Ila mbio ndefu, au siku ya milima, kula. Usiku wa kuamkia siku hiyo piga ndizi au ugali wa kutosha, asubuhi masaa mawili matatu kabla uji na ndizi mbivu. Ukizidi saa moja na nusu barabarani unahitaji wanga gramu 30 mpaka 60 kila saa, na ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25, hivyo mbili kwa saa zinatosha kabisa, na hapa kwetu unazikuta kila kona. Mwenye kisukari anayechoma insulini aongee kwanza na daktari wake, maana msuli unaofanya kazi unavuta sukari hata bila insulini na inaweza kushuka vibaya.

Ukishamaliza usikae na njaa mpaka jioni. Misuli inajaza glaikojeni kwa kasi zaidi masaa ya mwanzo, na kujaa kabisa ni kama saa 24, kwa hiyo bakuli la mtori wenye nyama ukifika tu nyumbani, mchana wali maharage, na kesho yake pumzika au utembee tu.