Mabao manane dhidi ya nani?

Baraza letu la kahawa, hapa nyuma ya Mwembe Tayari, lina mzee mmoja ambaye kwake yeye mpira ulikwisha mwaka 1965, Feisal walipoileta Mombasa ligi ya Kenya. Wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mabegani. Tangu hapo hakuna klabu ya mji huu iliyotwaa tena ubingwa huo. Bandari walimaliza wa pili mwaka 2018, na msimu uliofuata wakamaliza wa pili tena, na mzee akasema wa pili ni wa kwanza kushindwa.

Huyo ndiye niliyemchokoza wiki iliyopita. Nilisema, kikombe kikiwa mdomoni, kwamba Michael Olunga ndiye straika bora kabisa aliyepata kutoka Kenya.

"Amecheza wapi?" akauliza.

"Sana sana Japani."

"Japani kunatoka magari, mwanangu. Mpira hauteremshwi bandarini."

Wakaangua kicheko wote. Sote hapa tunaijua Japani kwa Probox zinazoshuka Kilindini. Nikasema yule kijana alifunga mabao manane katika mechi moja, akauliza dhidi ya nani. Nikamwambia dhidi ya Kyoto Sanga. Mzee akaweka kikombe chini polepole. "Hiyo ni timu ama sangara?"

Basi mjadala ukafia hapo, maana barazani akishakucheka mzee huna tena la kusema. Hapa kwenye ukurasa wangu lakini hawezi kunikata kauli, kwa hiyo nimalizie.

Nataka kutetea jambo moja tu: Olunga tunampunja kwa sababu tumeamua kwamba mpira ni ule unaoonyeshwa Jumamosi jioni kutoka Uingereza. Mtu asipopita pale hatumhesabu. Majirani zetu Watanzania nao wana ugonjwa huu huu. Mtaje Mbwana Samatta, utaambiwa Aston Villa, ambako alikaa nusu msimu. Wachache watakukumbusha TP Mazembe na ubingwa wa Afrika wa 2015, au Genk ya Ubelgiji, ambako alikuwa mfungaji bora wa klabu msimu wa 2018/19 na timu ikachukua taji la ligi. Miaka yote iliyomjenga tunairuka, tunakwenda kukaa kwenye miezi michache iliyomshinda.

Turudi kwa Olunga. Alizaliwa Nairobi mwaka 1994, akasoma Upper Hill, akapitia Liberty Sports Academy. Hakuna hadithi ya mtoto wa ajabu aliyechukuliwa na Wazungu akiwa na miaka kumi na miwili. Alikwenda Tusker, akaenda Thika United, na mwaka 2015 akatua Gor Mahia, ndio K'Ogalo, msimu ule walipomaliza ligi bila kupoteza hata mechi moja. Yeye alifunga mabao 19. Alikuwa na miaka 21, umri ambao vijana wetu wa hapa hujiona wameshachelewa, na bado alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi pale Nairobi, akisomea mambo ya upimaji wa ardhi na ramani. Ndiyo maana mashabiki humwita Injinia. Shahada aliimaliza, mpira haukumla.

Halafu ndipo inaanza ile safari inayomchekesha mzee wetu. Mwaka 2016 alikwenda Djurgården ya Sweden, akafunga mabao 12 ya ligi. Mwaka uliofuata China, Guizhou, na huko mambo yakamwendea mrama. China ilikuwa imepunguza idadi ya wageni wanaoruhusiwa kucheza katika mechi moja, na ukishakuwa mgeni wa ziada hata ufanye mazoezi ya jini, Jumamosi utakaa jukwaani. Akaazimwa Girona ya Uhispania. Tarehe 13 Januari 2018, akitokea benchi, akawafunga Las Palmas mabao matatu na mechi ikaisha 6-0. Yalikuwa mabao matatu ya kwanza ya mchezaji mmoja katika historia ya Girona kwenye ligi kuu ya kule. Usiku ule nilipigiwa simu na watu ambao hatukuwa tumesemezana tangu harusi yangu.

Nakubali, baada ya hapo Girona hawakumng'ang'ania. Mabao matatu ya siku moja hayakumpa namba. Kufikia kiangazi cha mwaka huo alikuwa Kashiwa Reysol, na kabla mwaka haujaisha timu ikashuka daraja.

Hapo ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Straika wa timu ya taifa, aliyecheza La Liga mwaka huo huo, amejikuta daraja la pili la Japani. Wengi wangepiga simu kwa ajenti. Olunga alibaki. Msimu wa 2019 akafunga mabao 27 ya ligi, timu ikapanda, na siku ya mwisho, tarehe 24 Novemba, wakawapiga wale sangara 13-1. Manane yalikuwa yake. Msimu wa 2020 sasa wako ligi kuu, akafunga 28. Aliyemfuata alikuwa na 18. Kiatu cha dhahabu kikawa chake, na tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima vilevile. Mtu akiongoza kwa mabao kumi, swali la dhidi ya nani limeshajibiwa: dhidi ya mabeki walewale waliowazuia wenziwe wote.

Nimetazama mabao yake mengi usiku, simu ikiwa chini ya chandarua ili nisimuamshe mama watoto. Usimtazame mpira ukifika, mtazame kabla. Ni mrefu, na mtu mrefu unamtarajia asimame katikati asubiri krosi kama mnazi unaosubiri upepo. Yeye hujificha nyuma ya bega la beki, upande ambao beki haoni, anatembea. Anatembea kweli, kama mtu anayetafuta funguo. Kiungo akiinua kichwa tu, hatua tatu ndefu na beki ameshabaki kushika jezi. Kile si kipaji cha kuzaliwa nacho tu. Ni kitu cha kurudiwa mara elfu mbele ya mabeki wa kweli, na hakipatikani benchini.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniwasha.

Mpwa wangu ni straika. Miaka mitatu iliyopita, akiwa na 19, alitokea mtu mmoja mwenye viatu vinavyong'aa aliyejiita ajenti. Akamwona mara moja kwenye mechi ya mchangani huko Kisauni, akasema huyu ni wa Ulaya. Ilitakiwa pesa ya viza, pesa ya vipimo vya daktari na pesa ya "faili". Dada yangu aliuza bangili zake mbili za dhahabu, zile alizotolewa mahari. Ikaja barua ya mwaliko yenye nembo ya klabu. Niliishika mkononi: nembo ilikuwa na ukungu kama picha iliyokuzwa kupita kiasi, na jina la mji wa klabu lilikuwa limekosewa herufi. Nilisema. Nikaambiwa nina wivu, mimi ambaye mguu wangu wa kushoto ni wa kupandia matatu tu.

Pesa zilipotea, na hilo ni la kawaida, mji huu umeshalizoea. Kilichoniuma zaidi ni mwaka mzima aliokaa bila kucheza. Ajenti alimwambia asiguse mpira wa mtaani, ataumia aharibu dili. Timu moja ya daraja la chini hapa pwani ilimtaka, akaikataa. "Mjomba, mimi siwezi kushuka huko," aliniambia, amekaa kibarazani kwetu na viatu vipya ndani ya boksi, hata kamba hajazitia. Watu wa Mji wa Kale wanajua jahazi likipandishwa nchi kavu likasahauliwa huwaje: mbao hukauka, zikaachana, na siku ya kulirudisha majini linakunywa maji. Straika asiyecheza ndivyo anavyokuwa. Miguu bado ipo, ila ule wakati wa kuanza kukimbia umempotea, anafika kabla ya mpira ama baada yake.

Nilimwambia habari za Olunga na ile ligi ya pili ya Japani. Akanijibu sawasawa na mzee wa barazani: dhidi ya nani?

Naelewa swali linatoka wapi. Kenya yenyewe haikumsaidia Olunga kulijibu. Usiku wa tarehe 27 Juni 2019, Cairo, Kombe la Afrika, sisi na Tanzania, nilitazama nyumbani kwa shemeji zangu waliotoka Tanga, mimi peke yangu upande wa Harambee Stars kati ya watu kumi na mmoja. Msuva wa Tanzania akatutangulia mapema. Olunga akasawazisha kwa tikitaka dakika ya 39, nikaruka nikagonga feni. Sikupata hata nafasi ya kukaa, Samatta akafunga la pili dakika ya 40, na shangwe ile ilisikika mpaka barabarani. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa, na dakika ya 80 Olunga akaumaliza mchezo, 3-2. Sahani ya viazi karai iliondolewa mbele yangu bila neno. Baada ya hapo Senegal wakatufunga tatu, tukarudi nyumbani, na Kombe la Afrika lililofuata hatukufuzu. Mwaka 2022 FIFA ikaisimamisha Kenya kwa sababu serikali iliingilia uongozi wa mpira, na kufuzu kwa Kombe la 2023 kukatupita. Olunga wakati huo alikuwa Al-Duhail ya Qatar, ametoka kuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa wa Asia ya 2021 kwa mabao tisa, akiwa njiani kuwa mfungaji bora wa Qatar misimu miwili mfululizo. Miaka yake ya moto kabisa, jezi ya taifa ilikuwa kabatini. Hilo mzee hawezi kumlaumu yeye.

Ataniambia Dennis Oliech, straika wetu wa zamani, najua. Auxerre, Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, ile mikimbio iliyokuwa inawapasua watu. Nampenda Oliech, na tukija kwenye kipaji kitupu sibishani. Ila hata yeye kabla ya Ufaransa alianzia Qatar, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anamfunga nani.

Mpwa wangu ana miaka 22 sasa. Mwaka jana alizitia kamba kwenye vile viatu akaenda kwenye ile timu aliyoikataa. Anashinda gereji ya rafiki yangu akipaka magari rangi, jioni anafanya mazoezi. Jumapili nilikwenda kumtazama kwenye uwanja wa mchanga ambao upande mmoja una mbuzi na upande wa pili una mama anayeuza mabuyu. Nilimchukua na yule mzee, kwa hila, nikimwambia tunakwenda kuhani msiba.

Kijana alikosa mawili ya wazi. La tatu aliligonga kwa ugoko, likadunda mara mbili na kuingia polepole mno, kipa amelala upande mwingine. Nikageuka kumtazama mzee. Alikuwa anamenya chungwa, macho yako uwanjani.

"Hawa waliofungwa," akasema, "wanatoka wapi?"