Macho yana pazia

Waswahili tunasema macho hayana pazia, maana yake mtu hutazama apendalo na hakuna wa kumzuia. Msemo huo nimeutumia kwa utani miaka mingi. Siku nilipoliona pazia lenyewe, jeusi, likipanda polepole kutoka chini ya jicho langu la kushoto upande wa pua, sikucheka. Wala sikukimbilia hospitali. Nilivua miwani nikaipangusa.

Kupangusa miwani ndiko kunakonifanya niandike. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nikiona mwanga ukimulika na kuzima kwenye kona ya nje ya jicho, hasa gizani, kama mtu anachezea tochi kwa mbali. Kisha zikaja chembe nyeusi, nyingi kwa mpigo, zikielea kama masizi. Nikajipa sababu zote ninazozijua: uchovu, simu, usingizi mchache. Sababu moja tu ilinifanya nijiamini hivyo. Jicho halikuuma hata kidogo.

Nadhani hapa lugha yetu inatuponza. Kuumwa ni kuugua, na kuumwa ni kusikia maumivu. Neno ni lile lile. Mtu akikuuliza kama unaumwa, unajisikiliza, usiposikia maumivu unajibu hapana. Retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho unaopokea picha, haina neva za maumivu. Inaweza kuchanika, kubanduka, kukosa damu na kufa, na mwenyewe ukawa unakunywa chai yako kwa raha.

Ila hutoa taarifa kwa njia yake. Ndani ya jicho mna ute mzito kama jeli. Umri ukisogea, ute huo hunywea na kujitenga na retina, na kwa watu wengi hujitenga bila madhara, ukiacha chembe chache zinazoelea. Tatizo ni pale unapokuwa umeng'ang'ania sehemu fulani. Hapo huivuta retina, nayo kwa kuwa haijui lugha nyingine, kila ikivutwa hukuonyesha mwanga. Ikichanika, majimaji hupenya kwenye tundu na kuibandua kutoka nyuma, kama rangi ya ukuta ulioingiwa na maji. Katika watu wanaopata mwanga na chembe mpya kwa ghafla, zaidi ya 10 kati ya 100 hukutwa tayari wana mchaniko. (Picha ndani ya jicho hukaa kichwa chini miguu juu, kwa hiyo pazia langu lililopanda kutoka chini lilimaanisha retina inabanduka kutoka juu. Niliposikia hivyo nilisahau kidogo kuogopa.)

Mchaniko peke yake mara nyingi huzibwa kwa leza ukiwa umekaa kitini, na kazi huisha kwa dakika chache. Retina ikishabanduka, ni upasuaji. Na hapo swali linalompa daktari haraka ni moja: je, kitovu cha retina, tunachosomea na kutambulia sura za watu, bado kimeshika? Kikiwa kimeshika, upasuaji wa haraka, mara nyingi ndani ya siku moja hivi, unaweza kukiokoa. Kwa hiyo ule mwanga na yale masizi ndiyo saa ya kuondoka nyumbani. Kusubiri pazia ni kuchelewa, hasa kama una miwani ya kuonea mbali yenye nguvu kubwa, umewahi kutolewa mtoto wa jicho, umewahi kupigwa jichoni, au una ndugu wa damu aliyepatwa na hilo.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, retina iliyobanduka ilikuwa ni upofu karibu moja kwa moja. Jules Gonin, daktari wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyeshikilia kwamba chanzo ni tundu, na kwamba tundu lazima litafutwe na kuzibwa. Alilichoma kwa moto. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Namkumbuka kwa sababu hata leo mtu anaweza kukupima jicho bila kulitafuta tundu. Ukienda, hakikisha umewekewa dawa ya kutanua mboni, maana pembeni mwa retina, ambako michaniko mingi hutokea, hapaonekani vizuri bila hiyo.

Kuna mlaghai mwingine mbali na ukosefu wa maumivu, nalo ni jicho la pili. Jicho zima humsitiri mwenzake hata usijue kama kuna kilichopungua. Wapo wanaogundua kwamba jicho moja halioni siku walipofikicha lile zuri. Dawa ya hili haigharimu kitu: fumba moja, tazama mstari ulionyooka kama ukingo wa mlango, kisha fumba la pili. Mstari ukionekana kupinda au kuwa na kiwaa katikati, na jana haukuwa hivyo, huenda mishipa inavuja chini ya kitovu cha retina. Tafuta daktari wa macho siku hizi hizi, usingoje mwezi uishe. Mwenye kisukari anayeona kama moshi au utando wa buibui umeshuka ghafla, huenda damu imemwagika ndani ya jicho. Naye aende.

Kinachonitisha kuliko vyote ni kiharusi cha jicho. Mshipa unaoipelekea retina damu huziba, jicho zima likaingia giza kwa sekunde, tena bila maumivu. Retina ni tawi la ubongo, na ikikosa damu kabisa kwa saa kama nne, sehemu kubwa ya madhara hairudi nyuma. Usiende duka la miwani. Nenda hospitali inayotibu kiharusi, sasa hivi, na usiendeshe gari mwenyewe. Hata kama kuona kumerudi baada ya dakika tano, mshukuru Mungu ukiwa njiani, kwa sababu donge lililopita jichoni leo linaweza kukwama kwenye ubongo kesho. Na kama umepita miaka 50, kichwa kinakuuma kwenye panja, ngozi ya kichwa inauma ukichana nywele au taya linachoka ukitafuna, yaseme hayo kabla hujaulizwa. Huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu ya kichwani, na bila dawa ya haraka jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku chache.

Mapokezi, mimi nilisema "jicho linanisumbua." Nikaulizwa, "Linauma?" Nikajibu haliumi, nikapangwa kwenye foleni ya wanaopima miwani, nikakaa huko hadi mchana. Simlaumu sana yule dada, ingawa namlaumu kidogo. Swali lake ni lile lile nililokuwa nikijiuliza mwenyewe siku mbili nzima. Sentensi niliyopaswa kusema ni hii: "Jicho la kushoto limepoteza kuona ghafla, limeanza leo saa moja asubuhi." Upande, neno ghafla, na saa.

Nilifanyiwa upasuaji. Waliutoa ute, wakaniwekea gesi ya kuikandamiza retina, nikakaa siku kadhaa kichwa nimekiinamisha jinsi nilivyoelekezwa, nikakatazwa kupanda ndege hadi gesi iishe. Kitovu kilikuwa kimeshabanduka walipofika. Kila asubuhi kabla ya kuvaa miwani nafumba jicho moja natazama ukingo wa mlango, kisha nafumba la pili. La kulia linauona umenyooka. La kushoto linauona umepinda kidogo katikati, na daktari ameniambia huenda ukabaki hivyo.