Treni Iko Poa

Mjomba ana heka tano za mitiki Kilombero, na mtu mwenye mitiki hana mazungumzo mengine. Alipomaliza kutibiwa goti Bengaluru, ninakosoma, akagoma kurudi Tanzania mpaka aione mitiki ya Nilambur, kule Kerala, iliyopandwa tangu miaka ya 1840.

"Mjomba, niachie mimi," nikamwambia. "India hii naijua."

Tukalala kwenye treni, asubuhi tukashuka Shoranur, kimji cha kando ya mto ambako reli ya Nilambur inachepukia. Muda tulikuwa nao, basi tukateremka mtoni. Bharathapuzha ukiutazama kwenye ramani utauogopa. Machi ile ulikuwa mchanga, majani, ng'ombe wawili, na kijito kimejibanza pembeni. Mjomba akakunja suruali, akavuka. Maji hayakumfika hata kwenye kifundo.

"Watu wa Rufiji wakisikia na huu unaitwa mto, watashtaki!"

Tulicheka mpaka tukasahau saa.

Tuliporudi stesheni nikamfuata mzee muuza chai. Kimalayalam sina hata neno, nikanyoosha tu kidole relini: "Nilambur?"

Akapunga mkono kuelekea huko huko. "Poyi."

"Poa!" nikajibu, na dole gumba juu.

"Anasemaje?" Mjomba akauliza.

"Anasema treni iko poa."

Tukajimwaga kwenye benchi na chai na pazham pori, ndizi mbivu zilizochovywa kwenye rojo la unga zikakaangwa mpaka kingo zinakatika kwa mlio. Mjomba alikula nne. Kila baada ya nusu saa nakwenda kwa mzee. "Nilambur?" "Poyi." "Poa!" Mara ya tatu akawaita wenzake waje kunitazama.

Mwishowe binti mmoja aliyeketi jirani, kajiziba mdomo kwa mtandio, akatuhurumia. Kwa Kiingereza akatueleza kwamba "poyi" maana yake imekwenda. Imekwenda zamani, sisi tukiwa mtoni tunawacheka watu na mto wao.

Mjomba, mtu anayehutubia hata kwenye foleni ya choo, hakusema kitu. Akachomoa noti mfukoni, akanikabidhi.

"Nenda kaongeze ndizi, mtaalamu wa India."

Nikaenda, nikaonyesha sinia. Lilikuwa na gazeti lililolowa mafuta, basi. Mzee akanitazama, midomo inamcheza.

"Poyi," akasema.